Mshahara Ukikatika na Maradhi Hayajaondoka

Tunaanza maneno haya kwa kukiri kosa letu sisi wenyewe, maana haifai mtu kuwanyoshea wenziwe kidole hali ya kuwa cha kwake hajakitazama.

Mavuno ya mwaka juzi yalipopamba moto huku Kitale, ndugu yetu mmoja wa darasa hili, karani wa ghala la nafaka, aliacha kuja sala ya alfajiri, kisha akaacha ya isha, kisha hata darasa la Jumamosi. Ijumaa moja tulimwona amekaa nyuma kabisa, karibu na viatu, na hotuba yetu siku ile ilikuwa juu ya watu ambao dunia imewashughulisha wakaisahau jamaa. Hatukumtaja jina. Walakini macho yetu yalikwenda kwake, naye alijua, na watu walijua. Baada ya sala alitufuata akasema, "Maalim, silali. Nikifumba macho naona mizani na magunia." Tukamjibu azidishe istighfari na apunguze kuipenda dunia. Kisha tukapanda bodaboda tukaenda zetu.

Haikupita wiki mbili akakutwa amekaa sakafuni ghalani, kalamu mkononi, akishindwa kuhesabu magunia 20 yaliyokuwa mbele yake. Makarani wenziwe wawili walikuwa wameondoka kabla ya mavuno, wala mahali pao hapakuwekwa mtu. Kazi ya watatu ilimwangukia yeye, na kila upungufu wa gunia aliambiwa utakatwa katika mshahara wake. Tabibu alimwandikia cheti cha kupumzika. Alilipwa siku 30 mshahara kamili, kisha siku 15 nusu mshahara, kisha ikaja barua kwamba malipo yamekoma.

Sisi hatukuwa na habari ya yote hayo. Aliyetujulisha ni mkewe, aliyekuja nyumbani kwetu baada ya magharibi na mtoto mgongoni, na wala hakuja kuomba. Alikuja kuuliza mas'ala. Alisema, "Shekhe, nina cherehani yangu niliyonunuliwa na marehemu baba. Nikiiuza nikamlisha mume wangu, nitakuwa nimemvunjia heshima?" Swali hilo lilituingia kuliko hotuba zote tulizopata kuzisikia. Kumbe mtu wa safu yetu alikuwa na njaa, na sisi tulikuwa tukimsomea juu ya kuipenda dunia.

Basi ndugu zetu wa Kitale na wa Bungoma, twataka tulisemee jambo hili kwa upana wake, kwa kuwa tumekuja kuona kwamba yeye si wa pekee.

Kwanza, maradhi yenyewe. Wengi wetu tukiambiwa mtu amevunjika mguu twamchukulia uji, lakini tukiambiwa amechoka akili twamchukulia mawaidha. Twadhani imani ikiwa timamu kifua hakibani. Na hao Manabii tutasema nini juu yao? Nabii Yaakub alihuzunika mpaka macho yake yakageuka meupe, naye ni Nabii wa Mwenyezi Mungu, na habari yake imo katika Suratu Yusuf. Nabii Musa alipotumwa kwa Firauni alimweleza Mola wake, kama ilivyo katika Suratush Shuaraa, kwamba kifua chake kinabana na ulimi wake haufunguki, akaomba Harun awe pamoja naye. Tazameni vizuri hapo. Aliyepewa kazi nzito aliomba msaidizi, na Mwenyezi Mungu hakumkemea wala hakumwambia imani yake ni haba, alimpa nduguye. Lau yule mwenye ghala angaliisoma aya hiyo, angaliandika karani wa pili.

Na Mtume wetu (S.A.W.), kwa riwaya ya Anas iliyomo katika Bukhari, alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na hamu na huzuni, na kushindwa na uvivu, na uoga na ubakhili, na uzito wa deni, na kuelemewa na watu. Mwenye akili na azingatie mpango wa dua hiyo: yaanza na hamu, yaishia na deni na kuonewa. Aliyepatwa na moja huwa karibu kupatwa na hizo nyingine. Hata Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilipoandika juu ya uchovu huu wa kazini, lilisema kwamba watokana na mashaka ya kazi yasiyosimamiwa vizuri. Maana yake, sababu haimo katika moyo wa mfanyakazi peke yake.

Jamaa wengine wa ndugu yetu huyo, walioko upande wa Bungoma, walikwisha kukata shauri kwamba ana jini au kwamba karani mwenziwe amemroga, na mganga mmoja aliwataka shilingi 8,000 ili amtoe. Kumsomea mgonjwa Qur'ani twakubali, na msomaji asimtoze mwenye njaa. Walakini mganga wa kutazamia hatumkubali, kwa shilingi 8,000 wala kwa shilingi 8. Mtume aliwaamrisha watu watafute dawa. Fedha za chakula zikipelekwa kwa mganga, mgonjwa hubaki na ugonjwa, na njaa, na dhambi.

Pili, haki zake katika sheria ya nchi. Wako wanaodhani kuzifuata haki hizi ni ukorofi. Sisi twaona mkataba ni ahadi, na ahadi huulizwa. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu, katika kila miezi 12. Kanuni za mishahara za jumla zafikisha siku 30 kamili na 15 nusu, na palipo na mapatano ya chama cha wafanyakazi huenda zikazidi. Sharti ni cheti cha tabibu na kumpasha habari mwajiri mapema iwezekanavyo. Hapa ndipo wengi huangamia. Mwenye ugonjwa huu huona haya, hujifungia ndani, haendi kwa tabibu wala hapeleki neno, na sheria hiyo hiyo huhesabu kutokuwapo kazini bila ruhusa kuwa ni kosa kubwa la kumfukuzisha mtu. Basi ikiwa yeye hawezi kutoka, mkewe au ndugu yake na akipeleke cheti, naye abaki na nakala.

Siku hizo zikiisha, mambo hayajakatika yote. Siku za mapumziko ya mwaka, nazo kwa sheria ni siku 21 za kazi, kama hajazitumia aweza kuomba azichukue kwa mshahara. Aweza kuomba kwa barua likizo isiyo na malipo ili nafasi yake isipotee. Aweza kuomba arudi nusu siku, au kazi nyepesi. Na mwajiri akitaka kumwachisha kwa sababu ya maradhi, kifungu cha 41 chamlazimisha amweleze sababu kwa lugha aifahamuye, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenziwe wakati wa maelezo hayo. Ofisi ya kazi ipo kwa ajili hiyo. Aende kabla hajatia saini karatasi yoyote. Tena kuna bima ya afya. Tangu Oktoba 2024 mfuko mpya umeshika mahali pa ule wa zamani, na mwenye mshahara hukatwa 2.75 kwa 100. Mshahara ukikoma makato nayo hukoma, na mtu hugundua siku ya kulazwa. Yampasa aendeleze mwenyewe kama asiye na mshahara, kwa kadiri atakavyopimwa, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, hulipwa kwa mwaka. Dawa isiwe kitu cha kwanza kukatwa nyumbani, maana ndiyo itakayomrudisha kazini.

Na ninyi ndugu zetu wenye maduka, mashine za kusaga na malori, mliomo katika safu hii hii: vijana wenu wangapi wana barua ya kazi? Mtume, katika hadithi ya Abu Dharr, alisema kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tusiwakalifishe lililo juu ya uwezo wao, na tukiwakalifisha basi tuwasaidie. Msingoje mkaguzi wa serikali awakumbushe hadithi ya Mtume wenu.

Tatu ni deni, na hapa ndugu yetu alikuwa amezama. Alikuwa ameficha. Kila asubuhi alivaa nguo za kazi, akatoka, akaenda kukaa chini ya mti njia ya Kiminini mpaka jioni, ili majirani wasijue. Nduguze wa Bungoma hakuwaambia, kwa kuwa yeye ndiye aliyewasomesha wawili miongoni mwao. Alikopa kwa simu, akakopa kwa pili alipe ya kwanza, akafikisha nne. Mikopo hii watu huidhania kuwa rahisi kwa sababu huja usiku bila ya kuulizwa swali. Mmoja mashuhuri katika nchi yetu ulipoanza mwaka 2012 ulitoza ada ya 7.5 kwa 100 kwa siku 30. Hesabu ni nyepesi: mwenye kuzungusha shilingi 10,000 kwa mwaka mzima hulipa 9,000 na zile 10,000 bado anadaiwa. Iite ada, iite huduma, jina halihalalishi kitu. Twamwambia mwenye dhiki: usianze hapo. Anza kwa mtu anayekujua.

Tulikaa naye usiku mmoja, tukachukua daftari, kama Suratul Baqara inavyoamrisha deni liandikwe. Mikopo ya simu shilingi 31,000, na katika hizo asili ni 26,000 na nyongeza 5,000. Kodi ya nyumba 12,000. Ada ya shule 18,500. Duka la jirani 9,600. Jumla 71,100. Alipoona jumla imeandikwa alilia, kisha akasema ilikuwa ndogo kuliko ile aliyoiona usiku. Yeye ni karani; alikuwa hajathubutu kuzijumlisha.

Kisha tukamwambia awaendee wadai kabla hawajamjia. Aya ya 280 ya sura hiyo hiyo yamtaka mdai ampe muda mwenye dhiki, na kumsamehe ni bora zaidi. Mwenye duka alikubali kungoja. Mwenye nyumba hakukubali, naye ana haki yake, hatumsemi vibaya. Jambo moja twalitanabahisha kwa wafanyabiashara, maana tumeulizwa mara nyingi: mdai akimwambia mgonjwa, "Deni langu kwako nimelifanya zaka yangu," zaka haikutoka kwa kauli iliyo sahihi katika madhehebu yetu ya Shafii. Samehe, upate thawabu ya kusamehe, na zaka uitoe mbali.

Na lile swali la cherehani? Tulimjibu yule mama kwamba mali ya mke ni yake, na kulisha nyumba ni wajibu wa mume hata akiwa mgonjwa. Haimpasi auze kitu. Akipenda kumsaidia mumewe hamvunjii heshima hata kidogo. Zainab, mke wa Ibn Mas'ud, aliuliza swali karibu na hilo, na Mtume akamjibu kwamba ana ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Lakini tukamwomba cherehani asiiuze, kwa kuwa cherehani ikishona hulisha kila wiki, na ikiuzwa hulisha mara moja. Na waume na wasikie: kuna watu mshahara ukikatika huingia chumbani wakafungua sanduku la mke. Huo ni unyang'anyi.

Sasa twafika kwenye jambo lililoleta maneno makali katika darasa, nalo ni zaka. Tulipotaja kwamba ndugu huyu apewe, mzee mmoja mtukufu alisema, "Ana nyumba ya matofali kwao Bungoma, ana simu, ana mikono. Zaka ni ya mafakiri." Hakusema kwa ubaya, ndivyo tulivyozoea. Zaka tunampa kipofu wa mlangoni, naye ana haki, kisha twadhani orodha imekwisha. Mwenyezi Mungu katika Suratut Tawba ametaja mafungu manane, na wenye madeni ni fungu peke yao. Na maulamaa wetu wa Kishafii wameeleza kwamba nyumba anayoikaa mtu na nguo zake hazimtoi katika ufakiri. Basi tusimwambie Muislamu auze paa la watoto wake ndipo tumwamini.

Zaidi ya hayo ipo hadithi ya Qabisa bin Mukhariq, iliyomo katika Sahihi ya Muslim. Qabisa alikuwa amejitwika deni, akamjia Mtume, naye akamwambia akae mpaka zaka ifike wampe. Kisha akamfundisha kwamba kuomba kumehalalishwa kwa watatu: aliyejitwika dhamana, aliyepigwa na msiba ulioangamiza mali yake, na aliyefikwa na ufukara mpaka watu watatu wenye akili katika kaumu yake wakashuhudia, nao huomba mpaka wapate cha kuwasimamisha, kisha waache. Hadithi hii ni ofisi nzima. Ina mashahidi, ina mpaka. Sisi tuliifuata kama ilivyo. Watu watatu waijuao nyumba ile, mmoja wao mwanamke, walitazama, wakashuhudia mbele ya wachache, na jina halikutajwa kwenye kipaza sauti. Mgonjwa hakusimama mbele ya safu na kofia mkononi.

Kulikuwa na khitilafu moja: je, zaka ilipe riba? Tukakubaliana kwamba baada ya yeye kutubia, zaka ya fedha ilipe asili ya mikopo, shilingi 26,000, na kodi ya nyumba 10,800. Ile nyongeza ya 5,000 tulikwenda Bungoma kuwaona nduguze. Wale aliowasomesha waliposikia walinyamaza kitambo, kisha mkubwa akasema, "Mbona hakutuambia?" Wakatoa 20,000, zikalipa nyongeza, na baki ya kodi, na 13,800 za ada. Mzee aliyepinga alileta gunia la mahindi usiku, akaliacha mlangoni pake bila ya kubisha.

Na huko kwenye mahindi ndiko tuliko maskini kwa mikono yetu wenyewe. Trans Nzoia yalisha nchi, na Waislamu wanaolima humo, wenye mashamba na wa kukodi, si wachache. Nisabu ya nafaka ni wasaki 5, nazo wanazuoni wa zama hizi huzikadiria kwa kilo 650 na kidogo, yaani magunia 7 ya kilo 90 na ziada. Anayelima kwa mvua hutoa moja katika kumi. Mwenye magunia 60 atoe 6, na katika madhehebu yetu bei ya mbolea haipunguzwi, na hutolewa mahindi yenyewe. Aghalabu lori hufika shambani, mahindi hupimwa, fedha huingia kwenye simu, na moja ya kumi haikumbukwi mpaka Ramadhani. Hali arobaini ya maiti hatuisahau! Twachinja, twapika pilau, twakopa kwa ajili yake. Tumehesabu khitma moja tuliyoihudhuria sisi wenyewe, tukala, kwamba ingaliilisha nyumba ya karani miezi miwili.

Wazee wa Webuye wakumbuka kiwanda cha karatasi kilipofungwa mwaka 2009. Msiba ule ulikuwa mkubwa, lakini mji mzima ulikuwa na msiba mmoja, na hakuna aliyemwonea mwenziwe haya. Mgonjwa huyu hupoteza mshahara peke yake, wenziwe wakienda kazini mbele ya macho yake. Kwa ajili hiyo aya na hadithi twapaswa kumpelekea nyumbani, pamoja na unga. Na iliyo bora kumsomea ni ile ya Abu Musa katika Bukhari, kwamba mja akiugua huandikiwa mfano wa matendo aliyokuwa akiyatenda akiwa mzima. Tulimsomea hiyo siku tuliyokwenda kumwomba radhi kwa hotuba yetu. Aliuliza, "Na zile alfajiri nilizokosa kwenda?" Tukamwambia alikuwa mgonjwa hata siku ile alipotufuata baada ya Ijumaa, na sisi ndio hatukujua kusoma cheti chake.

Bado hajarudi ghalani. Hulala sasa, hutumia dawa, na asubuhi huandika hesabu za duka la jirani, saa mbili tu kwa siku, kwa ruhusa ya tabibu. Mahindi ya zaka ya mavuno haya yatapokewa msikitini Kitale kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, na kwa ndugu zetu wa Bungoma baada ya Ijumaa, na mashahidi ni wale wale watatu wa kila upande. Katika daftari la ndugu yetu zimebaki shilingi 14,300: za shule 4,700, na za duka 9,600, ambazo mwenyewe anazikata kidogo kidogo kwa kalamu yake.